Jikoni na Shangazi: Nyanya za kuoka na chizi, mbona zangu zinageuka supu?

Toleo lililopita nilisema kwa mstari mmoja tu kwamba nyanya za kuoka na chizi ni kitu rahisi cha kusindikizia mlo, sikujua nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja mengi na mengi yanafanana, nimechagua haya, yule ambaye swali lake halipo asome ya wenzake, jibu lake litakuwa humo humo.

SWALI: Shangazi shikamoo. Juzi nilikuwa na wageni nikasema ngoja nijitutumue nitoe kitu cha maana, nikakata nyanya katikati nikazipanga kwenye bakuli la oveni zikabanana vizuri, nikamwaga chizi ya kutosha na majani ya rehani mabichi juu yake, nikaacha dakika 40 kwenye nyuzi 200. Nilivyotoa sasa! Maji yamejaa nusu bakuli, chizi yote imeteleza ikakaa pembeni imekuwa kama raba halafu ina mafuta mafuta juu, majani yamekuwa meusi tii. Wageni wamekula kwa adabu tu naona. Nakosea wapi, moto, nyanya au chizi? – Niliyeumbuka mbele ya wageni

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Moto wako hauna shida. Tatizo lako ni maji, mengine yote yamezaliwa hapo.

Nyanya karibu asilimia 94 au 95 ni maji matupu. Yaani ukiingiza kilo 1 ya nyanya kwenye oveni umeingiza zaidi ya gramu 900 za maji, na hayo maji lazima yaende mahali, ama uyatoe kabla, ama yapande kwa mvuke, ama yabaki humo humo bakulini yakusubiri. Na usidhani ubaya wake ni kuharibu sura ya chakula tu. Kitu kikiwa kimelowa juu, joto lake halipandi kupita nyuzi 100 mpaka yale maji yakauke, sasa ile rangi ya kahawia na ile harufu inayomtoa mtu chumbani kuja kuuliza kunapikwa nini inaanza kwenye nyuzi kama 140 hivi kwenda juu. Kwa hiyo oveni ilikuwa 200 ni kweli, ila nyanya zako mle ndani zilikuwa zinachemka tu, dakika zote 40, tena umezibananisha kwenye bakuli lenye kina ndio kabisa mvuke umekosa pa kutokea.

Haya tuanze upya. Nyanya chagua zilizoiva lakini bado zimekaza, ukibonyeza zisizame kidole. Ukipata zile ndefu za umbo la yai chukua hizo, zina nyama nyingi na ute kidogo, zile kubwa za mviringo nazo zinafaa ila zina maji zaidi kwa hiyo zinataka subira. Kwa watu 4 nyanya 6 za wastani zinatosha. Kata kwa upana, kiunoni, usikate kuanzia kwenye kikonyo kwenda kitakoni, ukikata kiunoni vile vyumba vya mbegu vyote vinafunguka mara moja, chumvi inaingia na maji yanapata njia ya kutoka.

Chumvi sasa, hapa ndio penyewe, na hapa ndio watu wengi wanaparuka. Nyunyiza chumvi kwenye sehemu ulizokata, nusu kijiko cha chai kwa nyanya zote 6 inatosha kabisa manake chizi nayo ina chumvi yake, halafu zigeuze zilale kifudifudi juu ya waya wa kupozea keki au juu ya tishu za jikoni, uziache dakika 20 mpaka 30. Chumvi inayavuta maji kutoka ndani ya nyama ya nyanya, utaona mwenyewe tishu zimelowa chapachapa. Usizikamue kwa mkono, utazipasua. Zikimaliza kuvuja zifute juu taratibu, panga kwenye trei pana isiyo na kina, uso juu, acha nafasi ya kidole kimoja kati ya nyanya na nyanya, pakaa mafuta ya zeituni vijiko 2 vya chakula, pilipili manga kidogo, na kitunguu saumu punje 2 zilizokatwa ndogo sana uzishindilie ndani ya vile vyumba, ukiziacha zinaelea juu zitaungua na saumu ikiungua ni chungu, hakuna chizi itakayokusaidia.

Oveni iwe imeshapata moto, nyuzi 200, kama ya kwako ina feni weka 180. Ingiza nyanya BILA chizi. Narudia, bila chizi. Dakika 15 mpaka 20, mpaka uone kingo zimeanza kunyauka na juu pamekauka, kama kuna maji yamejikusanya kwenye trei yamimine kwenye kikombe usiyatupe. Hapo ndio unaweka chizi, gramu 60 hivi iliyokunwa, ukichanganya na vijiko 4 vya chakula vya chenga za mkate mkavu, unarudisha dakika 8 mpaka 10, ikishapata rangi toa. Zile chenga mimi siziachi hata siku moja, zinanyonya unyevu uliobaki chini na juu zinakuwa kavu zinalia ukitafuna, chizi nayo inapata cha kushikilia haitelezi.

Kuhusu ile raba na mafuta: chizi ikikaa kwenye moto mkali muda mrefu protini zake zinajikaza zinabana, zikibana zinakamua mafuta na maji nje. Ndio maana nasema iingie mwishoni. Nyanya inataka nusu saa, chizi inataka dakika chache, ukiwaingiza pamoja lazima mmoja aumie.

Na majani. Rehani mbichi haivumilii oveni, ni laini mno, inageuka nyeusi na harufu yake inapotea hewani, hiyo ichane kwa mikono umwagie nyanya zikishatoka. Parsli vilevile, labda uifiche ndani ya chenga zilizopata mafuta. Yanayovumilia moto ni yale yenye majani magumu madogo, taimu, rozimari, oregano, hayo weka tangu mwanzo. Makavu tumia theluthi ya kipimo cha mabichi, kama ni kijiko 1 cha chakula cha mabichi basi makavu ni kijiko 1 cha chai, yasugue kwanza kwenye viganja ndio harufu inaamka. Ila usiyaweke yote matano kwa pamoja ati ndio utaalamu. Moja linatosha, mawili yanapatana, kuanzia matatu mimi naona ni kelele.

SWALI: Shangazi mambo, hizo chizi ziko aina kibao mpaka nachanganyikiwa. Mimi nyumbani nina cheddar na zile slaisi za kwenye karatasi, rafiki yangu anasisitiza lazima iwe mozzarella la sivyo sio yenyewe. Nani mkweli? – Mwenye friji nusu tupu

JIBU: Poa mwanangu. Rafiki yako mwambie Shangazi kamkatalia. Ile mozzarella mbichi inayokuja imeelea kwenye maji, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, sasa wewe umehangaika nusu saa kuyatoa maji kwenye nyanya halafu unaenda kuyaongeza kwa juu, ya nini? Kama umeshainunua ikate slaisi, ilaze kwenye tishu saa nzima ukiibadilishia, halafu weka kidogo. Ile mozzarella kavu ya kipande wanayotumia kwenye piza ina nafuu, inavutika vizuri kwenye picha, ila ladha yake ni ya upole sana, peke yake kwenye nyanya inapotea.

Mimi nikiambiwa nichague moja nachagua ngumu iliyokaa muda mrefu, parmesan na ndugu zake. Parmigiano Reggiano ya Italia kwa sheria zake hairuhusiwi kuuzwa kabla haijafikisha miezi 12, na huko kukaa ndiko kunakoikausha na kuipa ladha nzito, kidogo tu inatosha. Cheddar yako ni nzuri tu, ikune mwenyewe usiweke nyingi manake ina mafuta, ukizidisha yatatoka yaelee. Slaisi za kwenye karatasi zinayeyuka laini kuliko zote, zimewekewa chumvi maalumu za kushikanisha mafuta na maji, ila hazipati rangi nzuri na ladha ni chumvi chumvi tu, tumia ukikwama. Feta haiyeyuki inalainika, ivunjevunje juu na oregano, tamu sana. Halloumi nayo haiyeyuki, hiyo nakuambia iache kwa ajili ya kikaango.

Jambo moja dogo: chizi inayouzwa imeshakunwa kwenye pakiti huwa imepakwa wanga au selulosi isishikane, ndio maana inayeyuka kwa kusuasua. Kununua kipande ukakuna ni kazi ya dakika 2.

SWALI: Mama mkwe anasema mbegu lazima zitolewe zote, ati zinaleta uchungu na maji. Mimi nikizitoa naona nyanya inabaki ganda tu haina ladha. Nisimkosee heshima lakini naomba ukweli. – Mkaza mwana

JIBU: Ukweli uko katikati, ila umekaa karibu zaidi na wewe. Ule ute unaozunguka mbegu una maji kweli, hapo mama yuko sahihi, lakini ndio umebeba ladha. Kuna kitu kinaitwa glutamati, ndicho kinacholeta ile ladha ya tano, si tamu si chumvi si chachu si chungu, ile inayofanya mchuzi uwe na uzito mdomoni, mkemia wa Kijapani Kikunae Ikeda ndiye aliyeitambua mwaka 1908 akichunguza supu ya mwani. Nyanya iliyoiva inayo, parmesan inayo tele, ndio maana hawa wawili wakikutana chakula kinasimama chenyewe bila nyama. Na kwenye nyanya glutamati iko nyingi zaidi kwenye ute kuliko kwenye nyama yake, utafiti uliotoka 2007 ulipima ukaona hivyo. Kwa hiyo ukikwangua ute wote ukatupa, umetupa sehemu ya thamani ukabaki na chombo.

Fanya hivi, mama asione umemkaidi: zile nyanya zikilala kifudifudi na chumvi, ute uliolegea utadondoka wenyewe, uliokaza utabaki. Weka sahani chini ya ule waya. Kilichodondoka kichuje, kichemshe kwenye kisufuria mpaka kibaki vijiko viwili vitatu vizito, halafu unakimwagia juu ya nyanya zikiwa zimeiva. Mama atakula atasifu, we nyamaza.

SWALI: Nakaa chumba kimoja, oveni sina wala sitegemei kuipata hivi karibuni. Ndio nisahau? – Mpangaji

JIBU: Usisahau. Ukiwa na kile kikaangio cha hewa ya moto umemaliza, kinakausha vizuri kuliko hata oveni kubwa manake hewa inazunguka kwa kasi na nafasi ni ndogo, nyuzi 180, dakika 10 bila chizi kisha 3 au 4 na chizi. Angalia tu feni isipeperushe chenga za mkate, zipake mafuta kwanza ziwe nzito.

Kama huna hicho, tumia kikaango kizito chenye mfuniko. Kipate moto, mafuta kidogo, laza nyanya uso chini, USIFUNIKE, uziache bila kuzigusa dakika 5 au 6 mpaka uso upate rangi na maji yakauke, geuza kwa mwiko mpana, punguza moto uwe mdogo, weka chizi, sasa ndio ufunike dakika 2 tu iyeyuke. Chizi haitapata rangi ya kahawia, hilo tukubaliane, ila chenga za mkate unaweza kuzikaanga pembeni na mafuta na saumu mpaka ziwe za dhahabu ukanyunyiza mwishoni, na hapo kusema kweli kuna siku naona ni tamu kuliko ya oveni.

SWALI: Trei yangu ya aluminiamu imepata madoa na vishimo baada ya kuoka nyanya, na chakula kilikuwa na ladha ya chuma. Nimeila yote, nitakufa? – Mwoga

JIBU: Hufi. Nyanya ina asidi, ukiongeza na chumvi zinaitafuna aluminiamu, ndio vile vishimo na hiyo ladha. Mara moja si janga ila usiifanye desturi. Oka kwenye kioo cha oveni, kauri, enameli au stili isiyoshika kutu, au kama trei ndio hiyo hiyo tandika karatasi ya kuokea kwanza. Foili usitandike wala usifunikie ikigusana na nyanya, nayo ni aluminiamu. Na hiyo karatasi ya kuokea usiiingize chini ya grili, ikikaribia ule moto wa juu inawaka.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina wageni, mmoja hali nyama kabisa na hata vitu vitokanavyo na mnyama aliyechinjwa, mwingine maziwa yanamsumbua tumbo. Nyanya na chizi niachane nazo? – Mwenyeji mwenye mtihani

JIBU: Marahaba. Wa kwanza, soma lebo ya chizi. Maziwa yanagandishwa kwa kimeng'enya, na cha kizamani kinatoka kwenye tumbo la ndama, Parmigiano Reggiano halisi lazima kitumike hicho, kwa hiyo yeye haimfai hata kama haina kipande cha nyama. Ziko chizi nyingi za kimeng'enya cha mimea au cha vijidudu, lebo itasema.

Wa pili, muulize vizuri. Kama ni laktosi, yaani sukari ya asili iliyomo kwenye maziwa, inayomsumbua, chizi ngumu zilizokaa muda mrefu zimebakiwa na laktosi kidogo mno na wengi wanazila bila shida. Lakini kama ana mzio wa maziwa, hapo tatizo ni protini, chizi yoyote ni hatari kwake, usijaribu hata chembe, na kijiko kilichogusa chizi usikichanganye na chakula chake.

Rahisi zaidi, wapikie wote za Provence, kusini mwa Ufaransa, kule nyanya za kuoka za asili hazina chizi kabisa, ni saumu, parsli, chenga za mkate na mafuta ya zeituni basi. Ukitaka ile chumvi chumvi ya chizi, katakata zeituni nyeusi uchanganye humo.

SWALI: Nyanya nilizopata ni ngumu, chachu, rangi ya machungwa, kwa ndani nyeupe. Nizioke tu? – Wa haraka

JIBU: Kwanza kama huna haraka (jina lako linaniambia unayo) ziache mezani siku mbili tatu, usiziweke friji. Nyanya ikikaa chini ya nyuzi 12 hivi harufu yake inaanza kufa na kuiva kunasimama. Kama ni lazima leo, punguza moto uongeze muda, nyuzi 140 au 150, saa moja na nusu mpaka mbili, sukari iliyopo ijikusanye, na unaweza kunyunyiza chembe ya sukari na chumvi pamoja. Zitasinyaa nusu, kwa hiyo kata nyingi. Chizi dakika 10 za mwisho, pandisha moto mpaka 200.

SWALI: Naweza kuandaa asubuhi nikaoka jioni? Na zikibaki? Na kugandisha je? – Maswali matatu samahani

JIBU: Samahani ya nini. Asubuhi kata, tia chumvi, zivuje, halafu zioke ile hatua ya kwanza bila chizi, zipoe, friji. Jioni weka chizi na chenga, oka dakika 15. Usiweke chenga asubuhi, zitalowa. Na kama bakuli ni la kioo litoe friji mapema lipoteze ubaridi, kioo baridi kikiingia oveni ya moto kinapasuka, na vipande vya kioo kwenye chakula huwezi kuviokota ukamaliza.

Zilizobaki zisikae mezani zaidi ya saa 2, ziingie friji, na uzile ndani ya siku 3 au 4. Ukizipasha tumia oveni au kikaango, maikrowevu inazirudisha kwenye ile supu tuliyoikimbia. Kugandisha inawezekana kwa zilizookwa, ila zikiyeyuka zitalegea hazitasimama tena kwenye sahani, kwa hiyo zigandishe bila chenga, siku ukitaka unazisaga na chizi yake humo humo zinakuwa sosi ya tambi.